Kima Aliyemkalia Kobe

Haya jamani, mliokaa na mliosimama!

"Tupo!"

Masikio mmekuja nayo?

"Yote mawili!"

Basi moja lisikilize, na jingine lishike yaliyosemwa.

"Mwaga, tunakinga!"

Zamani, zamani za mbali, wanyama walipokuwa bado wanaitana shemeji na kuazimana chumvi, palikuwa na kijiji kidogo kikiitwa Vidimbwini. Kijiji kilikuwa kando ya mto. Mto wenyewe ulikuwa mwembamba, wa kuvuka kwa kukunja nguo tu. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini. Ukichomeka rando la kiazi leo, keshokutwa limeshika.

Ngiri aliishi pale na mkewe, naye ndiye aliyekuwa jumbe wa kijiji. Nungunungu aliishi pale na miiba yake. Kobe aliishi pale, nyumba ya pili kutoka kwa Ngiri. Kima aliishi pale, mwembamba, mwepesi, mwenye maneno matamu. Bi Kanga aliishi pale na mumewe na watoto wao. Na juu kabisa mlimani, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi, yule mdogo asiye na mkia, peke yake na upepo wake.

Mwaka mmoja, jua linawaka, mbinguni hakuna hata kipande cha wingu, maji yalikuja. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko mto unakotoka, na Vidimbwini hakuna aliyejua. Walisikia vuuu! Walipogeuka, maji yamo uani.

Kila mmoja alikimbia upande wake. Huyu kulia, yule kushoto. Mume wa Bi Kanga alikuwa ameshafika mahali pa juu, salama kabisa, na mkewe na watoto wake wako kando yake. Akakumbuka kuwa ameacha chungu cha mtama jikoni.

"Mama watoto," akasema, "nishikie fimbo yangu. Nakuja sasa hivi."

Akashuka. Bi Kanga aliishika ile fimbo mpaka jua likazama. Mumewe hakurudi.

Jamani, mpo?

"Tupo!"

Matanga yalipokwisha, Bi Kanga alipanda mlimani akabisha kwa Bi Pimbi.

"Hodi, mwenyewe?"

"Karibu, dada. Pita ukae. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nimekuja kwa shida nyingine. Hili pango lako lina ukubwa gani?"

Bi Pimbi akashangaa. "Huku mbele pananitosha mimi. Huko nyuma ni pakubwa tu, sijawahi kupajaza. Unataka kuhamia?"

"Nataka sote tuhamie," akasema Bi Kanga. "Si leo. Siku maji yatakaporudi."

Bi Pimbi alikuwa mtu wa kupenda ukimya. Alikuna sikio. Kisha akasema, "Yule Nungunungu anakoroma?"

"Anakoroma sana."

"Basi atalala mlangoni," akasema Bi Pimbi. Na hivyo ndivyo pango lilivyopatikana.

Bi Kanga akamwendea jumbe, na jumbe akaita watu. Walikubaliana, maana msiba ulikuwa bado mbichi. Walipeleka pangoni mikeka na kuni kavu. Walipeleka vibuyu vya maji. Kila nyumba ilitoa kikapu cha mtama na kikapu cha viazi vilivyokaushwa, vikawekwa juu ya mawe, mbali na mchwa.

Halafu Bi Kanga akawafundisha wimbo. Alisema, siku mkinisikia naimba huu wimbo, msiulize, pandeni. Aliuimba hivi:

*Panda juu, panda juu!*
*Usishike chungu, shika mwenzio,*
*Panda juu!*

Alipofika kwenye neno chungu, sauti yake ilipasuka kidogo. Kila mtu alijua kwa nini.

Naye Bi Pimbi akaleta jambo lake. Alipanga vijiwe ishirini na vinne nje ya mlango wa pango, kwa hesabu ya watu wote wa Vidimbwini. "Anayeingia achukue kijiwe kimoja aingie nacho," akasema. "Kikibaki kijiwe nje, tutajua kuna mtu nje."

Ikapita miezi. Mto ukarudi kuwa mwembamba. Watu wakajenga upya palepale, wakapanda viazi, wakacheka. Siku moja adhuhuri, watu wametulia, Bi Kanga akasimama juu ya kichuguu akaimba:

*Panda juu, panda juu!*
*Usishike chungu, shika mwenzio,*
*Panda juu!*

Lo! Watu walitimka. Nungunungu ndiye aliyefika wa kwanza. Akaingia mlangoni, hofu ikamshika, miiba yote ikasimama, akakwama katikati ya mlango kama kizibo kwenye chupa. Wa nyuma wakamsukuma. "Aah! Unanichoma!" "Usinisukume!" "Nani kanikanyaga?" Ngiri alichomwa puani, akapiga kelele ambayo jumbe hapaswi kupiga mbele za watu wake.

Bi Kanga akafika akihema. "Maji hayapo," akasema. "Nilitaka tujaribu."

"Kujaribu!" akasema Ngiri, ameshika pua. "Mama, umetutoa kwenye chakula!"

"Na kama yangekuwa maji kweli, Mzee Ngiri, sasa hivi tungekuwa wapi?"

Ngiri akatazama mlango. Akamtazama Nungunungu, ambaye bado alikuwa amekwama. Siku ile ile walichukua mitaimbo wakaupanua mlango. Wakaamua Nungunungu awe anaingia wa mwisho, mgongo wake uelekee nje. Yeye mwenyewe alifurahi, maana kusukumwa kulimtia aibu.

Bi Pimbi akatazama vijiwe vyake. Kila aliyefika alikuwa ameshika chake, lakini viwili vilikuwa vimebaki chini.

Kimoja kilikuwa cha Kobe. Watu walipokuwa wanashuka, walimkuta ndiyo kwanza anafika nusu ya mlima, jasho linamtoka. "Nakuja," akasema. "Msianze bila mimi."

"Tumeshamaliza, Bwana Kobe."

"Aa. Basi nageuka." Na kugeuka kwenyewe kulichukua muda.

Kijiwe cha pili ni cha nani? Kima akatokea nyuma ya nyumba akijipangusa mdomo. "Mimi nilikuwepo," akasema, "ila kwa vile vurugu nilikosa pa kupita." Watu wakaona ni kweli, vurugu ilikuwepo.

Lakini mke wa Ngiri alipofika jikoni kwake, alikuta chungu cha viazi ni kitupu. Hata maganda hayakuwepo.

Mwezi ukapita. Bi Kanga akasimama tena juu ya kichuguu, akaimba:

*Panda juu, panda juu!*
*Usishike chungu, shika mwenzio,*
*Panda juu!*

Safari hii watu walipanda kwa mstari. Mlango uliwatosha. Nungunungu aliingia wa mwisho, mgongo nje, hakuna aliyechomwa. Bi Kanga akafurahi moyoni. Lakini Bi Pimbi akatoka nje akatazama, na vijiwe viwili vilikuwa vimebaki.

Kobe walimkuta pale pale nusu ya mlima.

"Ndugu zangu," akasema Kobe, "mimi miguu ndiyo hii. Siku ya maji mtanikumbuka tu."

Maneno yale yaliwaingia. Wakakaa wakafikiri. Wakachukua mkeka mgumu, wakaufunga kwenye miti miwili, wakatengeneza machela. Vijana wawili wa Ngiri wakapewa kazi: wakisikia wimbo, kwanza wampitie Kobe, wamweke kwenye machela, ndipo wapande.

Naye Kima? Kima alisema tumbo lilimkata ghafla. Watu wakampa pole.

Ila Nungunungu aliporudi kwake, alikuta karanga alizoanika uani hazipo. Ungo ulikuwa umegeuzwa chini juu, mweupe.

Sasa watu wakakasirika. Wakakusanyika kwa jumbe wakipiga kelele.

"Tukipanda mlimani tunaibiwa!"

"Mara ya kwanza viazi, mara ya pili karanga. Mara ya tatu watabeba nyumba!"

"Maji yenyewe hayaji. Bi Kanga ana majonzi yake, tunamwonea huruma, lakini anatuchosha."

Bi Kanga alisikia yale ya majonzi. Aliinamisha kichwa. Alijiuliza kama kweli ni majonzi tu, kama kweli anawasumbua watu kwa sababu yeye mwenyewe hapati usingizi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyesimama upande wake. Nani?

"Kobe!"

Si Kobe. Kima!

Kima alisimama katikati ya watu, mkono kifuani. "Jamani, jamani! Tusiwe wepesi wa kusahau. Huyu mama anatupenda. Mimi naona mazoezi haya hayatoshi. Tuyafanye kila wiki. Ikiwezekana, kila siku! Na tupande wote, tusiache mtu hata mmoja nyumbani. Na tukifika tukae huko juu kwa muda, tusikimbilie kushuka."

Watu wakaguna. Bi Kanga akainua macho, yamejaa machozi. "Ahsante, shemeji," akasema. "Angalau wewe umenielewa."

Mzee Ngiri akakohoa. "Sikilizeni. Tutafanya zoezi moja la mwisho. Kesho tunalima, keshokutwa tunapanda mlimani. Kikipotea kitu tena, basi, habari ya pango imekwisha."

Watu wakatawanyika. Jioni Bi Pimbi alishuka mlimani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamkuta Bi Kanga na Kobe wamekaa barazani kwa Kobe.

"Dada," akasema, "vijiwe viwili vinabaki kila mara. Kimoja tunakijua. Cha pili ni cha yule yule mara zote mbili. Mara vurugu, mara tumbo."

Bi Kanga akashika shavu. "Kima? Hapana. Kima ndiye peke yake aliyenitetea!"

"Ndiyo," akasema Bi Pimbi. "Hujajiuliza kwa nini?"

Taratibu uso wa Bi Kanga ukabadilika.

Kobe akasema, "Niachieni mimi. Wimbo ukiimbwa, vijana wasinipitie. Nitaingia jikoni kwa Ngiri, si mbali, nikunje miguu, nifiche kichwa. Nani anamtazama kobe aliyekunja miguu? Nitaona kila kitu."

Wakakubaliana. Bi Kanga akawaambia vijana wa Ngiri kwa siri: mkisikia wimbo, msimpitie Kobe, ana kazi.

Mpo?

"Tupo, endelea!"

Kesho yake watu walikwenda kulima. Jua liliwaka. Anga jeupe. Mke wa Ngiri alibandika chungu cha kande, akaacha moto mdogo. Bi Kanga alishuka mtoni kuchota maji. Akatia kibuyu chake, akakitoa, akatazama ndani.

Maji yalikuwa mekundu kama chai.

Akatazama juu ya mto. Majani yalikuwa yanakuja, halafu matawi, halafu mti mzima na mizizi yake. Na vyura wote walikuwa wamenyamaza.

Bi Kanga aliacha kibuyu pale pale. Alikimbia mpaka kwenye kichuguu, akaimba kwa sauti yake yote:

*Panda juu, panda juu!*
*Usishike chungu, shika mwenzio,*
*Panda juu!*

Huko shambani watu waliinua vichwa. "Tulisema keshokutwa!" akalalamika Ngiri. "Leo ni siku ya kulima!"

"Maji hayakusema keshokutwa!" akapiga kelele Bi Kanga. "Pandeni!"

Wengine walimwamini, wengine hawakumwamini. Lakini miguu yao ilikuwa imeshazoea. Mmoja aliweka jembe chini, wa pili akamshika mtoto, wa tatu akamshika mkono bibi yake, na kabla hawajamaliza kunung'unika walikuwa nusu ya mlima. Waliingia pangoni kwa mstari. Nungunungu wa mwisho, mgongo nje.

Ndipo walipousikia. Vuuu! Hakuna tena aliyenung'unika.

Bi Kanga alifika mlangoni akihema. Akaokota kijiwe chake, akatazama chini. Vijiwe viwili.

"Kobe yuko wapi?"

Vijana wa Ngiri wakatazamana. "Mama, tuliambiwa wimbo ukiimbwa tusimpitie."

Bi Kanga ndiye aliyewaambia. Akageuka ashuke. Bi Pimbi akamrukia, akamshika bawa kwa meno na mikono.

"Niache! Nimemwacha mimi!"

"Ukishuka vitakuwa vijiwe vitatu!" akasema Bi Pimbi. "Hujui yuko nyumbani au njiani. Imba! Kama yuko hai, ajue tuko wapi. Imba, dada!"

Bi Kanga akasimama juu ya jiwe, akaimba. Sauti ikamkauka. Ngiri akasimama kando yake akaimba. Nungunungu akaimba, vibaya lakini kwa nguvu. Pango zima likaimba.

Tuwaache hapo, tushuke jikoni kwa Ngiri.

Kobe aliposikia wimbo alidhani watu wamebadili siku. Akajikokota mpaka jikoni, akajikunja karibu na mafiga, akaficha kichwa. Hakuna ambaye angemtambua. Alionekana kama kigoda.

Muda si muda, mlango ukafunguliwa polepole. Kima akaingia. Akanusa. "Kande!" akasema. "Na karanga ndani! Bi Kanga, Mungu akuweke."

Akatafuta pa kukalia. Akaona kigoda. Akakivuta, akakikalia, akapakata chungu, akaanza kula.

Kobe chini akajisemea: nimemkamata. Lakini wimbo ulikuwa haukomi. Siku nyingine uliimbwa mara tatu ukaisha. Leo uliimbwa tena na tena, na si sauti moja, ni sauti nyingi. Halafu kitu cha baridi kikamgusa tumbo.

"Bwana Kima," akasema Kobe. "Inuka. Maji yanaingia."

Kima aliruka mpaka akagonga kichwa kwenye paa. "Kigoda kinasema!"

"Si kigoda. Ni mimi Kobe. Tazama mlangoni."

Kima akatazama. Maji mekundu yalikuwa yanaingia, yamebeba kuni za Ngiri na kiatu kimoja. Hakungoja. Akatoka kwa kuruka, chungu kwapani, akapanda juu ya paa. Kutoka paani kulikuwa na mti, na kutoka mti ule kulikuwa na mti mwingine. Kima alikuwa mwepesi. Kwa yeye peke yake, labda angefika.

Akageuka nyuma. Kobe alikuwa mlangoni, maji yamemfika shingoni, miguu inapapasa. Hakupiga kelele. Alimtazama tu.

Na kutoka mlimani wimbo ukaja juu ya maji:

*Usishike chungu, shika mwenzio.*

Kima akatazama chungu. Akamtazama Kobe. Akatazama chungu tena, maana kande lilikuwa bado nusu. Mimi siwafichi, alitazama mara mbili.

Kisha akakiachia. Chungu kikaenda na maji kikizunguka. Kima akashuka, akamshika Kobe kwa mikono miwili, akamweka mgongoni.

"Mzito wewe!"

"Najua. Nenda."

Kima akakimbia. Lakini kukimbia kwenda wapi? Mazoezi mawili, hakupanda hata moja. Hakuijua njia! Akafuata barabara pana ya kando ya mto.

"Siyo huko!" akasema Kobe. "Huko panajaa kwanza. Pita nyuma ya kichuguu." Kima akageuka, na barabara ikamezwa na maji nyuma yake. Maji yakamfika vifundoni.

Akafika kwenye gogo la kuvukia korongo. Akataka kupita.

"Siyo hapo! Gogo limeoza upande wa pili. Zunguka kwenye jiwe lenye mgongo." Kima akazunguka. Akasikia gogo likikatika, kwaa! Maji yakamfika magotini.

Akafika kwenye mwamba mpana, umelowa. Akataka kuukwea.

"Siyo hapo! Utateleza. Kushoto kuna mizizi, shika mizizi." Kima akashika mizizi. Maji yakamlamba mkia.

"Umeijuaje njia hii yote?" akauliza akihema.

"Mimi nimeipita taratibu," akasema Kobe. "Wenzangu waliikimbia. Mimi nimefahamiana na kila jiwe."

Juu, Nungunungu ndiye aliyewaona. "Wale! Wale! Wako wawili!" Ngiri na vijana wake wakafungua machela waliyokuwa wamepanda nayo, wakausokota ule mkeka kama kamba, wakautupa chini. Kima akaushika. Wakavuta, wakavuta, wakavuta. Kima na Kobe wakaanguka mlangoni mwa pango kama magunia mawili.

Kobe alijikokota, akachukua kijiwe chake kwa mdomo, akaingia nacho. Kima naye akachukua cha mwisho. Nje hapakubaki kijiwe.

Bi Kanga akakaa chini. Akacheka, akalia, akacheka tena, mpaka watoto wake wakamshangaa.

Ndipo mke wa Ngiri aliposogea karibu na Kima, akamtazama shavuni. "Shemeji," akasema, "hii karanga shavuni mwako inafanana sana na yangu."

Watu wakamtazama Kobe.

"Nilikaliwa," akasema Kobe. "Nilikaliwa na kande likaliwa juu yangu. Hilo ni kweli na sitalificha. Na hili pia ni kweli: alikuwa na njia ya kwenda peke yake, akarudi kunichukua. Mseme wenyewe."

Kima alijikunja. Yale maneno matamu yote yalimkimbia. "Nilikula viazi," akasema. "Nilikula karanga. Nilimtetea Bi Kanga kwa sababu ya tumbo langu. Naona aibu."

Wengine wakasema afukuzwe. Ngiri akainua mkono. "Nje kuna maji. Hili pango tulilitafuta ili asibaki mtu nje, na leo hatutaanza kumtoa mtu. Atakula sehemu yake kama sisi. Lakini maji yakipungua, atalima viazi vya mke wangu, atapanda karanga za Nungunungu, na kila mavuno yeye ndiye atakayejaza vikapu vya pangoni kwa mabega yake. Na kila zoezi, atambeba Kobe."

"Kila zoezi?" akauliza Kima.

"Si ulitaka yawe kila siku?" akasema Bi Pimbi, na pango zima likacheka, hata Kima mwenyewe.

Walikaa pangoni siku tatu. Kuni zilikuwa kavu. Mtama ulitosha. Nungunungu alikoroma mlangoni, na Bi Pimbi alilalamika kila asubuhi, lakini kila jioni alimpelekea mkeka wa ziada. Watoto walicheza bao kwa vile vijiwe. Hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyelala peke yake.

Siku ya nne maji yalipungua. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwenda, lakini mashamba yalikuwa yamejaa tope jeusi, zuri. Watu wakaanza kukata miti ya kujengea, safari hii mahali palipoinuka zaidi. Wakiwa kazini, wakaona watu wanavuka kutoka ng'ambo ya mto, wamelowa, wamechoka. Mbele yao alikuwa Bi Kwale, mwanamke wa kijiji cha ng'ambo.

"Tumewasikia mkiimba," akasema. "Siku tatu tulikaa juu ya miti, tukawa tunasikia watu wanacheka huko mlimani kwenu. Tumepoteza wenzetu wawili. Tumekuja kuuliza, mlifanyaje?"

Bi Kanga akaweka chini mti aliokuwa anauchonga. Akampa Bi Kwale mkono, akamkalisha kivulini, akamletea uji. Alimwacha anywe mpaka amalize.

"Kwenu kuna mlima?" akamuuliza.

"Upo."

"Basi twende tukauone," akasema Bi Kanga, "jua likiwa bado linawaka."

Na wakaenda, wanawake wawili, wakipanda taratibu, wakitazama kila jiwe.

Wanangu, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba siku ya maji si siku ya kujifunza njia. Pa kukimbilia patafutwe mapema, njia ipitwe mapema, na ahesabiwe kila mtu, mpole na mkorofi, mwepesi na mzito. Vyungu hufinyangwa vingine, lakini mtu akienda na maji harudi. Na anayetusumbua kwa ajili ya usalama wetu, tumvumilie, hata akitutoa kwenye chakula.

Nami nilichopewa nimewapa chote, sikubakisha hata punje. Koo limekauka. Mwenye ngano yake aanze, mimi naomba maji ya kunywa.